Ndege si ngoma ya kuchezea juu ya vichwa vya watu

Mlio wa ndege ndogo ukisikika Nachingwea au Ruangwa, shughuli husimama. Mama anayeanika korosho huweka kiganja juu ya nyusi na kutazama juu. Kijana wa bodaboda huzima pikipiki ili asikie vizuri inatokea upande gani. Watoto hutoka darasani mbio kabla mwalimu hajaweka chaki chini, mikono juu, wakiita, "Ndege! Ndege!" Hawaikimbii, wanaikimbilia. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo.

Rubani naye ni binadamu. Akitazama chini akaona uwanja mzima umejaa mikono inayompungia, moyo humcheza. Hushuka kidogo, akapita mara ya kwanza juu ya mikorosho. Shangwe. Hurudi chini zaidi, akalaza bawa moja na kukata kona kwa kasi. Shangwe zaidi. Mara ya tatu huinua pua ya ndege juu, akaibinua, na hapo ndipo mambo huharibika. Wahenga walikwisha kusema kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini mgema akiharibu, hasara ni kibuyu cha tembo. Rubani akiharibu, hasara ina majina ya watu, na huenda wengi wao hawakuwa ndani ya ndege.

Hatuandiki haya kwa kuwa kuna mabaki yanayofuka moshi shambani kwa mtu. Tunaandika ili siku hiyo isifike. Tahariri za ajali nchini zimezoea kuja baada ya mazishi: pole kwa wafiwa, wito kwa mamlaka, kisha kimya hadi ajali nyingine. Safari hii tumeona tutangulie. Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe, Nachingwea kwa nikeli, na wilaya zote mbili kwa korosho. Wawekezaji, wapimaji wa ardhi, wanasiasa na wapiga picha wenye haraka hawaji kwa basi siku zote. Anga letu linaanza kupata wapitaji, na wapitaji wanahitaji kujulishwa mapema desturi za nyumba.

Tuanze na hesabu, maana hatari hii haihitaji uchawi kuieleza. Ndege hukaa hewani kwa sababu hewa inapita kwenye mabawa yake kwa kasi ya kutosha. Kasi ikipungua mno, au pua ikiinuliwa mno, bawa hushindwa kuibeba na ndege huporomoka. Ikilazwa upande ili ikate kona kali bila kushuka, bawa hubeba mzigo uliozidi uzito wa ndege yenyewe. Ikilazwa nyuzi 60, mzigo huwa mara mbili. Kwa hiyo ndege ndogo ambayo ikiruka sawasawa ingeweza kupunguza mwendo hadi kilomita 90 kwa saa bila kuporomoka, kwenye kona hiyo itaporomoka ikiwa bado inakwenda kilomita 127 hivi. Injini ni ile ile, rubani ni yule yule. Kilichobadilika ni kona tu, na mwendo uliokuwa salama nusu dakika iliyopita umegeuka kuwa mwendo wa kuanguka.

Juu kabisa, kosa hilo lina dawa. Rubani hushusha pua, huongeza nguvu ya injini, hungoja kasi irudi, kisha huinuka tena taratibu. Dawa hiyo hula mamia ya futi, na ndiyo maana wanaojifunza sarakasi za angani kwa utaratibu huanzia maelfu ya futi juu ya ardhi, na mwalimu pembeni. Kimo ni akiba. Mwenye futi 4,000 akikosea, anatoa katika akiba yake na jioni anakula chakula nyumbani. Mwenye futi 200 hana kitu benki. Kitu kikidondoka kutoka futi 500, takriban minazi saba iliyopandiana, kinafika ardhini kwa sekunde tano na nusu hivi. Isome tena sentensi hiyo kwa sauti. Kabla hujaimaliza, ndege imeshafika chini.

Kwetu kuna nyongeza. Mji wa Nachingwea uko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, jua huwa halina huruma. Hewa ya joto ni nyepesi: bawa hupata kidogo cha kushika, na injini hupumua kwa shida. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya minada ya korosho, wakulima wamekusanyika kusubiri bei kwenye vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu kilichobeba katika jina lake Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Hewa isiyofaa kwa michezo na mikusanyiko mikubwa ya watu vimeangukia msimu mmoja.

Wapo watakaosema kuwa maafa haya huwapata marubani wabovu. Historia inakataa. Tarehe 14 Desemba 1931, huko Woodley nchini Uingereza, Douglas Bader, rubani wa jeshi la anga mwenye umri wa miaka 21 na sifa kubwa ya sarakasi za angani, alichokozwa na maneno ya wenzake aonyeshe ufundi wake. Akaibingirisha ndege chini chini juu ya uwanja, ncha ya bawa ikagusa ardhi. Alikatwa miguu yote miwili. Baadaye alirudi kuruka kwa miguu ya bandia na kupigana Vita Kuu ya Pili, na dunia inamkumbuka kwa hilo. Sisi tunamkumbuka kwa lile la kwanza. Kijana yule hakupungukiwa ufundi. Alikuwa nao mwingi, na siku hiyo ulikutana na watu wa kuuchokoza.

Hata kwenye maonyesho rasmi, yenye vibali na magari ya zimamoto kando, kimo kikikosekana hakuna wa kukikopesha. Tarehe 28 Agosti 1988, ndege za kikundi cha maonyesho cha Italia ziligongana huko Ramstein, Ujerumani, moja ikaangukia watazamaji. Walikufa watu 70. Tarehe 27 Julai 2002, ndege ya kivita ilishuka mno huko Lviv, Ukraine, ikapita katikati ya umati na kuua watu 77, wakiwamo watoto. Marubani wake wawili walirushwa na viti vyao vya dharura, wakapona. Na Novemba 2025, kwenye maonyesho ya Dubai, mji ambako wana wengi wa Afrika Mashariki hufanya kazi, ndege ya kivita ya India ilianguka mbele ya watazamaji ikiwa katika michezo yake, na rubani akafa.

Ajali ya Shoreham, Uingereza, ya tarehe 22 Agosti 2015 inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndege kongwe ya kivita ilianza kuchora duara wima angani ikiwa na kasi ndogo kuliko iliyotakiwa. Ikafika kileleni ikiwa chini kuliko ilivyotakiwa. Badala ya kuacha mchezo pale juu, ikaendelea kushuka kuumalizia, na kimo cha kumalizia hakikuwapo. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa barabarani, nje ya uwanja wa maonyesho. Rubani aliokoka.

Jirani zetu wa Malindi wanayajua haya bila kusimuliwa. Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka kwenye barabara ya Mombasa, eneo la Kwachocha, na watu watatu wakapoteza maisha. Ndege ile haikuwa kwenye sarakasi. Tunaitaja kwa sababu waliokufa walikuwa chini, katika shughuli zao. Barabara ina bodaboda, bodaboda ina abiria, na hakuna hata mmoja wao aliyekata tiketi ya ndege.

Kuna kazi zinazolazimisha ndege kuruka chini, nasi hatuzipingi. Ndege wa kweleakwelea wakivamia mtama na mpunga katika mikoa ya kati, ndege ya kunyunyizia dawa haina budi kushuka. Wahesabu wanyama nao hushuka. Lakini hata kazi yenye sababu ina bei yake. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, mtafiti wa Kijerumani mwenye miaka 24, alikufa Serengeti baada ya ndege yake iliyochorwa milia ya punda milia kugongana na tai. Amezikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Ikiwa anayeruka chini kwa kazi, kwa mpango, hudhurika hivyo, anayeruka chini kwa ajili ya makofi anajitetea kwa lipi?

Nachingwea ina sababu zake za kuisikiliza hoja hii. Mji huu uliijua ndege tangu siku za mradi wa karanga, mwishoni mwa miaka ya 1940. Watafiti wa mwaka 1946 waliikagua ardhi ya Tanganyika kwa sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, na kutoka kule juu kila kitu kilionekana laini. Matrekta yaliposhuka ndipo mizizi na udongo mgumu vilipojibu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, na reli ya kutoka Mtwara ikang'olewa katika miaka ya 1960. Funzo ni kwamba aliye juu na aliye chini hawaoni kitu kimoja. Rubani anayeona uwanja mtupu na watu wadogo kama mchwa hamwoni mtoto aliyepanda mwembe ili aione ndege vizuri zaidi.

Kisha kuna msiba ambao wazee wa hapa bado wanausimulia. Samora Machel, aliyewaongoza wapiganaji wa FRELIMO katika kambi ya Nachingwea hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, alikufa tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake ilipojigonga kwenye vilima vya Mbuzini, Afrika Kusini, usiku. Ubishi juu ya nani alisababisha haujaisha hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba ndege ilikuwa chini kuliko ilivyopaswa kuwa mahali pale. Mji uliowahi kumlilia kiongozi kwa sababu ya kimo hauhitaji kufundishwa maana ya neno hilo.

Sheria si kwamba haipo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani na ambao Tanzania ni mwanachama wake, una kanuni za anga zinazoeleweka hata na asiye rubani. Juu ya mji, makazi au mkusanyiko wa watu walio mahali pa wazi, ndege inayoongozwa kwa macho haitakiwi kuwa chini ya mita 300 kutoka kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kuizunguka, isipokuwa inapopaa au kutua, au imepewa ruhusa. Kwingineko, isiwe chini ya mita 150. Sarakasi haziruhusiwi ila kwa masharti yaliyowekwa na mamlaka husika. Hapa kwetu mamlaka hiyo ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa hiyo mtu akipita na ndege juu ya mnada wa korosho kwa kimo cha mnazi, asiitwe fundi. Aitwe mvunja sheria.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na shamba. Mkaguzi yuko mbali. Mkulima ndiye aliye chini ya ndege. Mkulima huyo hajawahi kuambiwa kuwa ndege ina namba kama gari. Basi tumwambie. Ndege za kiraia za Tanzania huandikwa 5H na herufi tatu baada yake, ubavuni au chini ya bawa. Za Kenya huanza na 5Y, za Uganda 5X. Ukiona ndege inacheza chini juu ya watu, usihangaike kwanza na video ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp kwa kicheko. Andika herufi, saa, upande ilikotoka na ilikoelekea, umpelekee mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi. Simu ile ile inayorekodi mbwembwe inaweza kuwa ushahidi.

Na isemwe wazi kuwa si marubani peke yao wenye kosa. Kila msimu wa kampeni tunaona helikopta, au chopa kama tulivyozoea kuiita, ikizungushwa juu ya mkutano mara mbili tatu kabla ya kutua, ili umati upandwe na mori. Vumbi linatimka, khanga zinapeperuka, mabati ya vibanda yanalia, na vijana wanakimbilia chini ya panga zinazozunguka. Mei 2016 mjini Bungoma, Kenya, mtu mmoja alining'inia kwenye helikopta ikapaa naye juu ya mji huku watu wakishangilia. Alipona, kwa bahati tu. Mratibu wa mkutano anayemwambia rubani, "Kaka, zunguka tena kidogo watu waamke," amekuwa mshirika katika lolote litakalofuata.

Tukiyasema haya tunajua tutajibiwa kuwa tuna wivu wa maendeleo. Tutaambiwa: ndege zenyewe zinaonekana kwa nadra, nanyi mnataka kuzinyima raha? Jibu letu ni kwamba huo unadra ndio unaozidisha hatari. Anayeishi kando ya kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hainui hata kichwa ndege ikipita. Hapa kwetu ndege moja hukusanya kijiji kizima chini yake ndani ya dakika tano, bila kamba, bila mgambo, bila gari la wagonjwa. Umati unajikusanya wenyewe mahali pabaya kuliko pote.

Tukumbuke pia nani atafika kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia. Watu 24 walitoka hai. Aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, ndiye aliyelitangazia taifa kuwa waliofariki ni 19. Ikitokea Ruangwa kwenyewe, wavuvi hawapo. Watakaofika kwanza ni wapulizia salfa kutoka mashambani na vijana wa bodaboda, tena mahali palipomwagika mafuta ya ndege, wengine na sigara mdomoni. Mwenye majeraha makubwa ya moto atahitaji kufikishwa Ndanda au Hospitali ya Sokoine, Lindi. Hiyo ni safari ndefu kwa mtu aliyeungua.

Kwa hiyo tuna rai, na kila moja ina mwenyewe.

Kwa TCAA: kibali chochote cha maonyesho ya angani, au cha kuruka chini ya kimo cha kawaida katika wilaya hizi, kifike kwa maandishi ofisini kwa Mkuu wa Wilaya kabla ya siku ya tukio, kikitaja kimo, eneo na mstari ambao watazamaji hawatauvuka. Asiye na karatasi hiyo asiruke hivyo. Na mkaguzi aonekane huku, walau katika msimu wa minada na wa kampeni.

Kwa wakuu wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa na kamati zao za usalama: chopa isitue kwenye uwanja wa shule au wa mpira wenye watu bila kamba na askari kuwatangulia. Uwanja wa Majaliwa ukijaa kwa mechi ya Namungo na Simba au Yanga, pasiwe na mfadhili wa kuleta ndege ya kurusha vipeperushi juu ya majukwaa kwa mapatano ya simu. Hali kadhalika ndege nyuki: ndogo, ndiyo, lakini ikikuangukia utosini haitauliza ukubwa wako.

Kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: wafundisheni madereva wa bodaboda na viongozi wa vijiji mambo matatu tu. Wasiwashe moto wala kuvuta sigara karibu na mabaki. Wawatoe walio hai, kisha wasogee mbali. Wasiokote kipande chochote kwenda nacho nyumbani, kwa kuwa kipande hicho huenda ndicho chenye jibu la uchunguzi.

Kwa wachunguzi wa ajali za ndege: kanuni za kimataifa zinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Ajali nyingine haizuiwi na taarifa ya Kiingereza iliyofungiwa katika tovuti. Kila taarifa iwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji ambako ndege iliangukia. Wao ndio waliookota majeruhi. Wana haki ya kujua kwa nini.

Kwa marubani: hatuukatai ufundi wenu. Ndege za JWTZ zikipita kwa safu katika sherehe za kitaifa, nasi huinua shingo kama watoto. Lakini kupita kule hupangwa, hufanyiwa mazoezi na hujulikana na kila anayehusika. Mwenye hamu ya kubinjuka apande juu, mbali na watu, akiwa na akiba ya futi za kutosha kulipia kosa lake mwenyewe.

Na kwa walimu wa wilaya hizi mbili, ombi dogo lisilohitaji bajeti. Siku mlio utakaposikika tena, waacheni watoto watoke, wapunge mikono, waite "Ndege!" mpaka sauti ziwakauke. Ila wafundisheni kupunga wakiwa pale pale, barazani mwa darasa, na kwamba ndege ikianza kushuka na kuzunguka, huo ndio wakati wa kurudi ndani. Wajue mapema kitenzi kipi ni cha siku ipi.